Hodi ya Flashi

Nje ya lango la chuo kikubwa, popote Afrika Mashariki, hapakosi steshenari. Chumba ni kidogo, fotokopi inaunguruma, bei za kuprinti zimebandikwa ukutani, na foleni ya wanafunzi imetoka hadi barazani, kila mmoja na flashi yake mkononi. Wa kwanza anaikabidhi. Kijana wa dukani anaichomeka na kusubiri. Kama kompyuta hiyo inaendeshwa na Linux, na aliyeiandaa hakuiandaa vizuri, kitakachotokea kwenye skrini ni sentensi moja fupi: ni root peke yake awezaye kufanya hivyo.

Root ni akaunti ya msimamizi mkuu, ile isiyokatazwa kitu. Husoma faili la mtu yeyote, hubadilisha nywila ya yeyote, na hufuta mfumo mzima kwa amri moja. Nywila yake anayo mwenye duka, na mwenye duka ametoka kwenda kununua karatasi. Anapigiwa simu: "Bosi, flashi za wateja zinagoma." Ili foleni isogee, bosi anaitaja nywila herufi kwa herufi, kijana anaiandika kwenye kipande cha karatasi na kukificha chini ya kibodi. Flashi inafunguka. Kuanzia saa hiyo, kila atakayekaa kwenye kiti hicho ana uwezo wa kuliangamiza duka zima, na amepewa uwezo huo ili aprinti kurasa tano.

Umbali uliopo kati ya kazi ile ndogo na mamlaka yale makubwa umewahangaisha wahandisi kwa zaidi ya miaka hamsini. Si jambo la mafundi peke yao. Linamgusa mwalimu wa maabara ya kompyuta, mkutubi, karani wa zahanati, na kila anayepaswa kuwapa watu kompyuta moja waitumie kwa zamu bila kuwapa funguo zote.

Kuifungua diski ili mafaili yake yaonekane, mafundi hukuita kupachika. Leo ni lugha ya picha, lakini zamani mtu alipachika kwa mikono yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiijenga Unix, mfumo ambao Linux ilirithi muundo wake, katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, diski ilikuwa sahani pana ndani ya kasha. Iliondolewa rafuni, ikabebwa, ikasukumwa ndani ya mashine kubwa kama kabati. Makala waliyoiandika mwaka 1974 inataja mitambo minne ya namna hiyo, kila kasha likiwa na nafasi ya megabaiti 2.5. Picha moja ya simu ya leo huenda isienee humo.

Unix haikuipa kila diski herufi yake, kama Windows inavyofanya kwa C na D. Mafaili yote yalikaa kwenye mti mmoja, na diski mpya iliungwa kwenye tawi mojawapo, kama bwana shamba anavyobebesha kikonyo cha mwembe wa kisasa kwenye shina la mwembe wa kienyeji. Kikishashika, ni mti mmoja. Anayepita kutoka folda hadi folda hahisi kwamba ameshavuka kutoka diski hii kwenda ile. Ni muundo mzuri mno, na uzuri huohuo ndio uliozaa hatari: kilichoungwa kwenye mti huaminiwa kama mti wenyewe.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, tayari unaieleza kazi ya kupachika. Chini ya maelezo hayo, mahali pa kutaja kasoro, waandishi waliweka wazi kwamba kazi hiyo ilipaswa kuachiwa msimamizi mkuu tu. Ina maana mlango ulikuwa wazi, na waliouacha wazi walijua kwamba haupaswi kubaki hivyo.

Mtu akija na diski yake, yenye mafaili yake, madhara yako wapi?

Madhara yanatokana na uvumbuzi mmoja wa Ritchie, mzuri kiasi kwamba uliombewa hataza mwaka 1973 na kuipata Januari 1979, hataza ya Marekani namba 4,135,240. Kwa kawaida programu hufanya kazi kwa uwezo wa mtu aliyeiita. Ritchie aliongeza alama moja ndogo kwenye faili. Alama hiyo ikiwapo, programu hufanya kazi kwa uwezo wa mwenye faili, si wa aliyeiita. Ndivyo mtumiaji wa kawaida anavyoweza kubadilisha nywila yake mwenyewe ingawa orodha ya nywila ni mali ya root: amri ya passwd ni ya root, ina alama ile, na kwa muda mfupi humwazima mtumiaji mkono wa root kwa kazi hiyo moja.

Alama hiyo huandikwa ndani ya diski yenyewe, kando ya faili. Mwenye faili naye huandikwa humohumo, tena haandikwi kwa jina bali kwa namba. Root ni 0. Kwenye Debian na Ubuntu, mifumo miwili ya jamii ya Linux, mtumiaji wa kwanza kusajiliwa ni 1000. Mwanafunzi mwenye kompyuta yake bwenini ni root kwenye kompyuta hiyo, hivyo anaweza kutengeneza diski, akaweka ndani yake programu ya kupokea amri, akaiandika kuwa mali ya 0 na kuitia alama ya Ritchie. Kisha anaibeba hadi maabara ya chuo. Mashine ya chuo inasoma: mwenye faili ni 0, alama ipo. Haina njia ya kujua kwamba 0 huyo ni wa bwenini. Ni sawa na mtu aliyejichongea muhuri wa mtendaji wa kijiji nyumbani kwake, akaupeleka kijiji kingine, na karani wa huko akaupokea kwa sababu maandishi yake yanafanana na ya muhuri halali.

Kuna hatari nyingine mbili. Kwenye Unix hata vifaa huonekana kama mafaili, kwa hiyo diski ya mgeni inaweza kubeba faili linalodai kuwa ndilo diski kuu ya mashine, na anayeliandikia anaandika moja kwa moja juu ya diski hiyo. Tena, anayeruhusiwa kupachika popote anaweza kupachika juu ya folda ya /etc, na papo hapo orodha ya watumiaji wa mashine inafunikwa na orodha aliyoiandika yeye.

Dawa ilipatikana kwa kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakienda pamoja. Diski inaweza kupokewa pamoja na mafaili yake, huku madai yake ya mamlaka yakikataliwa. Sharti la nosuid linasema alama ya Ritchie isihesabiwe kwenye diski hii. Sharti la nodev linasema faili lolote linalojidai kifaa lipuuzwe. Sharti la noexec linakataza programu yoyote kuendeshwa moja kwa moja kutoka humo. Mgeni anaingia na mzigo wake, cheo chake anakiacha nje. Mengine yote yaliyokuja baadaye yamejengwa juu ya wazo hili, na palipotokea maafa, mara nyingi ni kwa sababu mtu mmoja alilisahau.

Njia ya kwanza ya kulitumia wazo hilo ilikuwa faili liitwalo fstab, daftari la msimamizi linaloorodhesha nini kinapachikwa wapi. Msimamizi aliandika mstari kama huu:

/dev/fd0  /floppy  auto  noauto,user  0  0

Maana yake: flopi ya kwanza ipachikwe kwenye folda ya /floppy, isipachikwe yenyewe mashine inapowaka, na mtumiaji yeyote anaweza kuipachika. Neno hilo moja, user, linabeba ndani yake masharti yote matatu, bila msimamizi kuyaandika. Linakumbuka pia aliyepachika, na ni yeye tu awezaye kupachua. Likiandikwa users, yeyote anaweza kupachua kilichopachikwa na mwenzake. Tofauti ya herufi moja ni kubwa mahali ambapo watu hupokezana zamu: wa asubuhi akiondoka bila kupachua, wa jioni amekwama.

Daftari hilo lilitosha enzi za flopi na CD, kwa sababu tundu la flopi lilikuwa moja, linajulikana, halihami. Mwaka 2000 flashi za kwanza zikaingia sokoni, mojawapo ikiuzwa na IBM ikiwa na megabaiti 8, sawa na flopi tano na ushee. Mpangilio ukavurugika. Flashi inayochomekwa kwanza inaitwa sdb, inayofuata inaitwa sdc, na kesho huenda zikabadilishana majina. Hakuna msimamizi awezaye kuandika mapema mstari kwa kila flashi itakayoletwa na kila mteja. Kwa diski inayojulikana, kama ile ya nje ya kuhifadhia nakala za ofisi, fstab inafaa mpaka leo: msimamizi huandika namba ya utambulisho wa diski, UUID, badala ya jina lake, na diski hupokelewa hata ikichomekwa tundu gani. Kwa flashi ya mpita njia, haifai kitu.

Hapo ndipo vishawishi vilipoanza.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni sudo, chombo kinachomruhusu mtu atumie amri fulani kwa uwezo wa root. Msimamizi anajiambia: sitampa kijana nywila, nitamruhusu amri ya mount peke yake. Inaonekana ni busara, lakini kijana amekabidhiwa nyumba nzima. Amri ya mount, pamoja na kazi zake nyingine, inaweza kutandika faili moja juu ya jingine. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kutandika programu ya kupokea amri juu ya mount yenyewe, kisha akaiita mount kwa mara ya pili. Sudo inaliona jina ililoambiwa iliruhusu, na nyuma ya jina hilo kinachofunguka ni root kamili. Ruhusa hiyo, popote ilipo, huenda iliandikwa na mtu mwenye nia njema, lakini inastahili kufutwa.

Kishawishi cha pili ni kujitengenezea msaidizi. Mwaka 2011 Calibre, programu maarufu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, ililipa gharama yake hadharani. Watumiaji walitaka jambo la kawaida: wachomeke kisomeo cha vitabu hivyo, vitabu vihamie. Calibre ikaja na programu ndogo yenye alama ya Ritchie, kazi yake kupachika kisomeo kwa niaba ya mtumiaji. Watafiti wa usalama walipoichunguza, walikuta haiulizi vya kutosha ni kifaa gani kinachopachikwa wala kinapachikwa wapi. Mtumiaji yeyote aliweza kuielekeza ipachike kitu chake juu ya folda ya mfumo. Kiraka kilitolewa, na njia nyingine ya kupenya ikapatikana. Kikatolewa kingine, ikapatikana nyingine. Kila tundu lililozibwa lilionyesha jipya, kwa sababu programu hiyo ilikuwa ikijaribu kukisia swali ambalo kompyuta haikuwa na mahali pa kuliuliza: huyu anayeomba, ana haki gani na kifaa hiki? Mwishowe iliondolewa, na kazi hiyo ikaachiwa chombo kilichojengwa mahususi kwa ajili yake.

Chombo hicho kilikuwa na historia yake. Mnamo 2004 Robert Love, mhandisi wa kampuni ya Novell, aliongoza juhudi iliyoitwa Project Utopia, yenye lengo ambalo wakati huo lilionekana mbali: mtu achomeke kitu kwenye Linux na kitu kifanye kazi. Mwaka huohuo, Oktoba, lilitoka toleo la kwanza la Ubuntu, mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao kwa miaka kadhaa ulituma CD zake bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, Afrika Mashariki ikiwamo. Mfumo uliokusudiwa watu wasio mafundi haukuweza kuwajibu kwa ile sentensi ya root. Martin Pitt, mmoja wa wahandisi wa Ubuntu, aliandika pmount, msaidizi mwenye nidhamu: hupachika ndani ya /media tu, hukubali vifaa vya kuchomoa tu, huweka masharti ya usalama bila kuombwa, na humsikiliza mtumiaji aliye kwenye kundi liitwalo plugdev.

Pmount ilikuwa hatua kubwa, na bado ilibakiwa na upungufu. Ukishaingizwa kwenye kundi, umo, popote ulipo. Mwanafunzi wa kundi hilo anayeingia kwenye kompyuta ya maabara kupitia mtandao, amelala kitandani mwake, alikuwa na haki sawa na mwenzake aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo. Mwenzake akichomeka flashi yenye mtihani wake au picha zake, yule wa kitandani angeweza kuiwahi.

Aliyelibadilisha swali lenyewe ni David Zeuthen, mhandisi wa kampuni ya Red Hat, pamoja na wenzake, kupitia kazi zilizozaa vyombo viwili vinavyoitwa leo polkit na udisks. Mpaka hapo kompyuta ilikuwa ikiuliza: wewe ni nani? Sasa ikaanza kuuliza pia: umekaa wapi? Mfumo hufuatilia kila mtu aliyeingia, kama yuko kwenye skrini na kibodi ya mashine hiyo au anatokea mbali, na kama dirisha lake ndilo lililo mbele kwa sasa au lake limefunikwa na la mwingine. Aliyekaa kitini na dirisha lake liko mbele huitwa mtumiaji hai. Huyo akichomeka flashi, inapachikwa bila nywila yoyote. Aliye mbali akiomba jambo hilohilo, anaambiwa alete nywila ya msimamizi. Na aliyekaa kitini akitaka kupachika sehemu ya diski ya ndani ya mashine, si flashi, naye anaulizwa nywila, kwa kuwa diski ya ndani si mali yake ya mfukoni.

Inafaa kutua hapa kidogo, maana uamuzi huu ni wa kiutu kabla ya kuwa wa kiufundi. Mtu aliyesimama mbele ya mashine akiwa ameshika flashi tayari ana uwezo mwingi: anaweza kuizima, kuichomoa kwenye umeme, hata kuondoka nayo. Kumnyima kufungua flashi yake mwenyewe hakumlindi yeyote, kunamtesa bure. Aliye mbali hana uwezo huo wala hana flashi. Waliobuni kanuni hii walitazama maisha yalivyo, wakaipa mashine macho ya kuyaona.

Kwa mtumiaji, kazi yote hiyo hubaki nyuma ya pazia. Huona ikoni ikijitokeza, na akibofya, folda inafunguka ndani ya /media au /run/media, kwenye folda ndogo yenye jina lake, ambayo watumiaji wengine wa mashine hawaruhusiwi kuchungulia. Anayependa kuandika amri huandika udisksctl mount -b /dev/sdb1 na kupata jibu lilelile, bila sudo. Masharti ya nosuid na nodev huwekwa kila mara. Kwa mashine isiyo na skrini, kama kompyuta ndogo inayohifadhi vitabu vya maktaba ya shule na kuendeshwa kupitia mtandao, hakuna mtumiaji hai, na hapo msimamizi huandika kanuni fupi ya polkit kwenye folda ya /etc/polkit-1/rules.d: watu wa kundi fulani, tendo hili moja la kupachika, basi. Ni mistari michache, na inafanya vizuri zaidi kazi ile ambayo sudo ilifanya vibaya.

Yako mambo madogo yanayowaudhi watu hata baada ya hapo. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa FAT, mtindo wa zamani usiojua habari za mwenye faili. Linux ikiipachika, humtaja aliyeipachika kuwa mwenye kila kitu, na mambo yanakwenda. Lakini FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na wapiga picha za harusi hulijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Mtu anaamua kuiandaa diski yake ya nje kwa ext4, mtindo wa Linux, kisha anashangaa: diski inafunguka, lakini hawezi kuandika chochote. Sababu ni zilezile namba. Aliyeiandaa diski alifanya hivyo akiwa root, folda ya juu imeandikwa kuwa ya 0, na udisks haina haki ya kugeuza maandishi ya ndani ya diski. Msimamizi akimkabidhi folda hiyo mwenyewe, mara moja tu, tatizo limekwisha. Au diski iandaliwe kwa exFAT, ambayo Microsoft iliweka hadharani maelezo yake mwaka 2019 na ambayo Linux imekuwa na msaada mzuri wake tangu 2020.

Si kila mtu alikubali kwamba mtumiaji wa kawaida apewe nafasi hii, na hoja za waliokataa ni nzito. Diski inapopachikwa, kerneli, yaani moyo wa mfumo, huanza kuusoma mpangilio wake wa ndani. Wahandisi wanaotunza mitindo ya diski kama ext4 na XFS wamesema mara nyingi kwamba kazi yao ililenga diski iliyoharibika kwa bahati mbaya, si diski iliyosukwa kwa makusudi na adui mwenye akili. Diski kama hiyo inaweza kuiangusha kerneli au kufanya baya zaidi, na nosuid haisaidii, kwa kuwa madhara yanatokea kabla faili lolote halijafunguliwa. OpenBSD, mfumo unaojulikana kwa ukali wake juu ya usalama, ulikuwa na swichi ya kuruhusu watumiaji wapachike. Katika toleo la 6.0, la Septemba 2016, swichi hiyo iliondolewa kabisa. Ndugu yake FreeBSD aliibakiza, lakini imezimwa mpaka msimamizi aiwashe, na mtumiaji hupachika kwenye folda iliyo mali yake tu.

Njia ya tatu ilitoka kwa Miklos Szeredi wa Hungary. Chombo chake, FUSE, kilichoingia kwenye Linux 2.6.14 Oktoba 2005, huutoa usomaji wa diski ndani ya kerneli na kuukabidhi kwa programu ya kawaida. Programu hiyo ikidanganywa na diski mbaya, inakufa yenyewe na mashine inaendelea. Tena, kwa kawaida ni aliyepachika tu anayeweza kuyaona mafaili hayo, hata root huzuiliwa mlangoni hapo, tena kwa makusudi. Watu wengi waliosoma diski za Windows kwenye Linux kwa miaka mingi walipitia njia hiyo bila kuijua, kupitia NTFS-3G.

Na kuna kosa la kuchanganya kupachika na kuendesha. Windows ya zamani ilipopokea flashi ilitafuta humo faili la autorun na kulitii. Mwaka 2008 mdudu aliyeitwa Agent.btz aliingia hivyo kwenye mitandao ya jeshi la Marekani, hadi flashi zikapigwa marufuku jeshini humo kwa muda. Mdudu mwingine, Conficker, alifuata njia hiyohiyo, na wateja wa steshenari na intaneti kafe zetu wanayakumbuka madhara ya wadudu wa flashi: folda zimegeuka kuwa njia za mkato, mafaili yamefichwa. Windows 7 iliifunga njia hiyo, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuifunga kwenye matoleo ya nyuma. Linux haikuwa na autorun ya namna hiyo, ila mwanzoni mwa 2011 Jon Larimer, mtafiti wa IBM, alionyesha kwamba nayo ilikuwa na ufa. Flashi ilipachikwa yenyewe, kidhibiti cha mafaili kikaanza kutengeneza vijipicha vya hati zilizomo, na hati iliyosukwa kwa hila ikaitumia nafasi hiyo kufungua kompyuta iliyofungwa skrini. Tabia ya watu nayo haisaidii: watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotawanya flashi 297 kwenye eneo la chuo, waliookota walizifungua na kugusa mafaili ya karibu nusu yake.

Kisa cha karibuni zaidi ndicho kinachofundisha zaidi. Juni 2025 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza dosari mbili zinazoshikana. Ya kwanza, CVE-2025-6018, ilikuwa kwenye mipangilio ya mifumo miwili ya Linux, openSUSE Leap 15 na SUSE Linux Enterprise 15: mtu aliyeingia kupitia mtandao aliweza kuufanya mfumo umhesabu kuwa amekaa kitini. Ile kanuni nzuri ya nani yuko wapi ikadanganywa. Ya pili, CVE-2025-6019, ilikuwa kwenye libblockdev, maktaba ya programu inayotumiwa na udisks karibu kwenye kila Linux ya mezani. Diski ya XFS haiwezi kuongezewa ukubwa bila kupachikwa. Mtumiaji hai akiomba iongezwe, maktaba ilijipachikia yenyewe kwa muda, mahali pa muda, kisha ikaipachua. Katika upachikaji huo mmoja wa kificho, nosuid na nodev hayakuwekwa. Mshambuliaji alileta taswira ya diski aliyoitengeneza kwake, ndani yake programu ya 0 yenye alama ya Ritchie, akaomba iongezwe ukubwa, akaishikilia isipachuliwe, na akaita programu yake.

Hila ni ileile iliyojulikana tangu miaka ya 1970, na imepenya kwa sababu maneno mawili yalikosekana kwenye mstari mmoja. Viraka vilitoka haraka. Pamoja navyo ulitoka ushauri kwa wasimamizi: lile tendo la polkit liitwalo org.freedesktop.udisks2.modify-device, ambalo mtumiaji hai aliruhusiwa bila kuulizwa, sasa lidai nywila ya msimamizi.

Tendo la kupachika, filesystem-mount, halikuguswa. Kwenye steshenari iliyosasishwa, kijana akijaribu kubadilisha ukubwa wa diski atasimamishwa, na hana sababu ya kufanya hivyo. Mteja anayefuata anamkabidhi flashi. Anaichomeka, ikoni inatokea, kurasa tano zinatoka zikiwa bado na joto. Anabofya alama ya kuchomoa, anasubiri taa ya flashi izime, anairudisha mkononi mwa mwenyewe, na kile kipande cha karatasi chini ya kibodi kinaweza kuchanwa.